Asiyekuwapo na Lake Halipo: Mabaraza ya Vitabu katika Afrika, 1962–2002

Kitabu hakina mzazi mmoja. Mwandishi hukitunga, mhariri hukisafisha, mchapishaji hukigharimia, mpiga chapa hukitia wino, mwuza vitabu hukiweka dukani, na msomaji hukipa uhai. Akikosekana mmoja katika hao, kazi ya wengine hupotea. Walakini ni nadra watu hao sita kukutana mahali pamoja. Mwandishi hukaa na karatasi zake, mpiga chapa na mitambo yake, mwuzaji na daftari lake. Na kwa kuwa hawaonani, kila mmoja hudhani kwamba upungufu wa kazi watoka kwa mwenzake. Mwandishi humwita mchapishaji bahili, mchapishaji humwita mwandishi mtu asiyejua hesabu, na wote wawili humlaumu msomaji kuwa hapendi kusoma.

Ili kuondoa utengano huo, mataifa yaliyotangulia katika biashara ya vitabu yalizoea tangu zamani kuweka maonyesho. Maonyesho ya Frankfurt, Ujerumani, yana asili ya karne ya 15, na yalifufuliwa mwaka wa 1949 baada ya Vita Kuu ya Pili. Katika maonyesho ya namna hiyo mna mambo mawili. La kwanza ni vibanda, ambamo vitabu hupangwa na mikataba hufungwa. La pili ni jukwaa, ambapo mwandishi husimama kueleza kazi yake, na wachapishaji, wauza vitabu, wakutubi na wakuu wa serikali hukaa jopo kujadili bei, sheria na lugha. Yaweza kudhaniwa kwamba jukwaa ni pambo tu la kibanda. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi kwa nini kitabu kizuri kihitaji msemaji? Jawabu ni kwamba methali hiyo yafaa kwa halua, ambayo mnunuzi huiona na kuionja, wala haifai kwa kitabu. Uzuri wa kitabu umefichwa ndani, na mnunuzi haufikii mpaka awe amekwisha lipa. Kwa hiyo kitabu, kiwe kizuri au kibaya, hutembezwa kwa maneno.

Iko methali nyingine ambayo yalihusu jukwaa zaidi: asiyekuwapo na lake halipo. Katika baraza la vitabu husikika waliokaribishwa, na haja zao ndizo huandikwa katika maazimio. Aliyebaki nje, hata akiwa bingwa wa kalamu, hupitwa na mambo. Historia ya mabaraza ya vitabu katika Afrika, tangu mkutano wa Kampala wa mwaka 1962 hata orodha iliyotangazwa Accra mwaka 2002, ni historia ya watu waliokuwapo na wasiokuwapo. Na vilevile ni historia ya maneno yaliyofuatwa na kazi na maneno yaliyopotea hewani siku ile ile yaliposemwa.

Mkutano wa Kampala ulifanyika katika Chuo cha Makerere mwezi wa Juni 1962. Haukuwa maonyesho ya biashara, lakini kila kinachozungumzwa leo katika majopo ya vitabu kilichungulia pale. Walihudhuria Chinua Achebe, Wole Soyinka na Christopher Okigbo kutoka Nijeria, Ezekiel Mphahlele wa Afrika ya Kusini, na Langston Hughes wa Marekani. Mwanafunzi mmoja wa chuo, aliyeitwa James Ngugi wakati ule na ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, alimpa Achebe mswada wake ausome. Mwaka huo huo kampuni ya Heinemann ya London ilikuwa imeanzisha mfululizo wake wa waandishi wa Afrika, na Achebe akawa mhariri wake. Mswada wa mwanafunzi ukatoka kuwa kitabu, Weep Not, Child, mwaka wa 1964. Hapo yaonekana faida ya kukutana. Masafa kati ya meza ya mwanafunzi na mitambo ya London yalikuwa marefu kupita kiasi. Katika ukumbi mmoja wa Kampala yalikuwa hatua chache tu.

Lakini mlango wa ukumbi ule ulikuwa na bawabu, na bawabu huyo alikuwa lugha. Mkutano uliitwa wa waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza. Ngugi mwenyewe alikumbusha katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha mwaka 1986, kwamba yeye aliyekuwa mwanafunzi aliweza kukaribishwa kwa sababu ya hadithi fupi mbili zilizochapwa kwa Kiingereza, ilhali Shaaban Robert, mshairi mkubwa wa Afrika ya Mashariki, hakuwa na sifa ya kuingia, wala Chifu Fagunwa, aliyeandika riwaya kwa Kiyoruba. Shaaban Robert wakati ule alikuwa na vitabu vingi vya mashairi na nathari; Kusadikika ilikwisha toka tangu mwaka wa 1951. Alifariki dunia huko Tanganyika katika mwezi ule ule wa Juni 1962. Mwezi mmoja, basi, ulibeba mambo mawili: waandishi wa bara walikusanyika Kampala kuulizana fasihi ya Afrika ni nini, na mmoja wa waliokwisha kulijibu swali hilo kwa kazi ya maisha yake alizikwa bila ya kuulizwa. Mwaka uliofuata Obi Wali wa Nijeria aliandika katika jarida la Transition, lililotoka Kampala, kwamba fasihi ya Afrika ikiendelea kwa lugha za Ulaya haitafika popote. Makala hayo yaliwaudhi wengi, lakini hayakusahauliwa.

Baraza la pili lenye uzito lilikuwa Ife, Nijeria, mwezi wa Desemba 1973. Hapo Chuo Kikuu cha Ife kiliita watu wa uchapishaji wazungumze juu ya kazi yao katika Afrika. Kampala waliitwa wenye kutunga; Ife waliitwa pia wenye kugharimia, kupiga chapa na kuuza. Achebe alisimama tena, safari hii kutoa maoni ya mwandishi juu ya uchapishaji. Fikira yake kubwa ilikuwa kwamba mwandishi, mchapishaji na msomaji ni lazima waishi katika mazingira ya namna moja, wapate kusikiana. Mchapishaji akikaa ng'ambo ya bahari hawezi kuyajua mahitaji ya soko la Onitsha, ambako vijitabu vya bei nafuu vilikuwa vikiandikwa, vikichapwa na kununuliwa na watu wa mji mmoja. Mfano huo ulikuwa mzuri kwa sababu haukuomba msaada wa mtu. Ulionyesha jambo lililokuwa likifanyika tayari.

Hata hivyo wachapishaji wa Kiafrika walikuwa wachache na dhaifu. Ili kufahamu udhaifu wao yapasa kujua fedha ya kitabu huendaje. Mchapishaji hulipa kwanza: hulipa karatasi, mhariri, mchoraji na mpiga chapa. Kisha huweka vitabu ghalani, akavitoa kwa wauzaji kwa mkopo, na kungoja miezi mingi kabla ya kuiona fedha. Mwandishi naye hungoja mrabaha wake, ambao kwa desturi ni kama sehemu kumi katika mia ya bei. Mabenki hayakukubali mswada kuwa rehani, maana mswada si shamba wala nyumba. Kwa sababu hiyo wachapishaji wengi waliegemea vitabu vya shule, ambavyo mnunuzi wake mkubwa ni serikali, na riwaya na mashairi yakawa kama sadaka itolewayo baada ya kushiba. Kampuni kubwa za Uingereza na Ufaransa zilikuwa na mitaji, maghala na wajumbe. Wenyeji walikuwa na miswada na matumaini.

Mwaka wa 1980 Afrika iliingia Frankfurt kwa mlango wa mbele. Maonyesho ya mwaka huo yaliifanya Afrika kuwa mada yao kuu, na waandishi na wachapishaji wa bara hili wakapewa jukwaa mbele ya biashara ya dunia nzima. Hapo ndipo Mariama Bâ wa Senegali alipopokea Tuzo ya Noma kwa riwaya yake Une si longue lettre, iliyochapwa Dakar mwaka wa 1979. Alikuwa wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Ilikuwa imeanzishwa na Shoichi Noma, mchapishaji wa Ujapani, na sharti lake kubwa lilikuwa moja: kitabu kiwe kimechapishwa katika Afrika, na mchapishaji wa Afrika. Sharti hilo lilikuwa na hekima nyingi. Tuzo nyingine humsifu mwandishi zikamwacha mchapishaji gizani. Hii iliwafunga wote wawili kwa uzi mmoja. Tena lugha yoyote ya Afrika ilikubaliwa. Mwaka wa 1984 tuzo iligawanywa baina ya Njabulo Ndebele wa Afrika ya Kusini na Gakaara wa Wanjau wa Kenya, ambaye kitabu chake, shajara ya miaka yake kizuizini, kiliandikwa kwa Kigikuyu. Mlango uliofungwa Kampala ulikuwa umeanza kufunguka, ingawa kwa ufa mwembamba. Tuzo hiyo ilitolewa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2009.

Frankfurt ni mbali, na nauli ni ghali. Wachapishaji wa Kiafrika walihitaji uwanja wao wenyewe, na wakaupata Harare. Zimbabwe ilipata uhuru mwaka wa 1980, na mwaka wa 1983 maonyesho ya kwanza ya kimataifa ya vitabu yakafanyika katika mji wake mkuu. Nchi ilikuwa changa, shule zilikuwa zikifunguliwa kwa wingi, na wageni walipenda kuja. Katika miaka ya 1990 maonyesho yakawa ya kila mwaka, yakihamia chini ya miti ya bustani ya mji, karibu na jumba la sanaa la taifa. Siku za mwanzo ziliachiwa wafanya biashara, na siku za mwisho zikafunguliwa kwa watu wote, hata watoto wa shule. Kabla ya vibanda kufunguliwa kulikuwa na baraza la mazungumzo lililoitwa Indaba, neno la Kizulu na Kindebele lenye maana ya shauri au mkutano wa wazee. Jina hilo lilichaguliwa vema, maana kazi ya wazee barazani si kusema tu. Ni kukata shauri.

Wakati Harare ilipokuwa ikianza, mji wa Arusha, Tanzania, nao ulipokea baraza dogo lenye matokeo makubwa. Mwezi wa Aprili 1984 wachapishaji wa Kiafrika walikutana hapo kwa msaada wa Wakfu wa Dag Hammarskjöld wa Sweden, wakazungumza juu ya uwezo wa Afrika kujichapishia vitabu. Halikuwa baraza la shangwe. Walikaa na kuhesabu. Baada yake ulianzishwa mpango wa dhamana ya mikopo kwa wachapishaji wa Kenya: wakfu uliweka fedha benki kuwa amana, na benki ikawakopesha wachapishaji ambao zamani iliwafukuza mlangoni. Shauri kama hilo la kusaidiana lilizaa jumuiya ya African Books Collective, iliyoundwa mwaka wa 1989 na kuanza biashara Oxford mwaka wa 1990, ili vitabu vya wachapishaji wa Afrika viuzwe Ulaya na Marekani, na wenye jumuiya wawe ni wachapishaji wenyewe. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Walter Bgoya, aliyeongoza Tanzania Publishing House tangu mwaka wa 1972 na baadaye akaanzisha Mkuki na Nyota mjini Dar es Salaam. Mwaka wa 1992 ukaanzishwa mtandao wa wachapishaji wa bara zima, APNET. Mwaka huo huo Henry Chakava, ambaye aliaga dunia mwaka wa 2024, aliigeuza Heinemann ya Kenya kuwa kampuni ya wenyeji kwa jina la East African Educational Publishers. Basi katika muda wa miaka minane maneno ya Arusha yalipata nyumba, fedha na watu wa kuyasimamia.

Jukwaa la Harare lilijaribiwa vikali mwaka wa 1995. Mada ya maonyesho ya mwaka ule ilikuwa haki za binadamu. Chama cha wapenzi wa jinsia moja wa Zimbabwe kiliomba kibanda, kikakubaliwa. Kisha serikali ikawashurutisha waandalizi, nao wakakiondoa. Mwezi wa Agosti Rais Robert Mugabe aliyafungua maonyesho kwa hotuba ya kuwalaani watu hao. Wole Soyinka na Nadine Gordimer, waliokwisha kupata Tuzo ya Nobel mmoja mwaka wa 1986 na mwingine mwaka wa 1991, walikuwapo, na wakalipinga tendo hilo. Mwaka uliofuata waandalizi walikikubali tena kibanda hicho. Serikali ilitoa amri ya kukizuia, Mahkama Kuu ikaitangua amri, na mwisho kundi la watu likakishambulia.

Katika jambo hili msomaji anaweza kuwa na maoni yake juu ya chama kile, lakini swali lililoletwa mbele ya waandalizi lilikuwa la biashara ya vitabu kwa ujumla. Mwenye banda la samaki haulizwi samaki wake wana rai gani. Mwenye banda la vitabu huulizwa kila siku, kwa sababu bidhaa yake yasema. Maonyesho ya vitabu yakimwachia mtawala aamue nani asikike, kesho atakayeondolewa ni mwanahistoria, na kesho kutwa ni mshairi. Kampala bawabu alikuwa lugha. Harare mwaka wa 1995 bawabu alikuwa serikali. Tofauti ni kwamba safari hii waliokuwa ndani walimwona bawabu, wakasema naye, na mwaka wa pili waandalizi wakajaribu kumkatalia. Hiyo ilikuwa dalili ya kukomaa.

Indaba ya mwaka 1996 iliacha mabishano hayo ikashughulikia jambo lililoonekana kavu, yaani siasa ya taifa juu ya vitabu. Ukavu wake ulikuwa wa nje tu. Mkataba wa Florence wa mwaka 1950, uliopitishwa na Unesco, uliruhusu vitabu kupita forodhani katika nchi zilizoutia sahihi bila ya ushuru. Nia yake ilikuwa njema, elimu isitozwe kodi. Lakini katika nchi kadhaa za Afrika kitabu kilichochapwa London kiliingia bure, ilhali karatasi na wino wa kuchapia kitabu nyumbani vilitozwa. Matokeo yake mgeni alipewa njia na mwenyeji akawekewa kizuizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 1976 ilipanua mkataba ule uhusu na vifaa vingine, lakini si nchi zote zilizoifuata. Tena vitabu vya shule vilivyonunuliwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia vilitolewa kwa zabuni za kimataifa, na kampuni changa haikuweza kushindana na kampuni yenye umri wa miaka mia. Mambo haya hayawezi kugunduliwa na mwandishi peke yake chumbani mwake, wala na waziri peke yake ofisini. Yalijulikana kwa sababu mwenye kulipa ushuru na mwenye kuutoza waliketi jopo moja.

Mwezi wa Februari 1998 Arusha ilipokea baraza jingine, la waandishi na wachapishaji. Hapo ule ugomvi wa kale uliletwa wazi. Waandishi walidai kwamba mikataba ilikuwa migumu kusomeka, hesabu za mauzo hazikuletwa, na mrabaha ulichelewa au haukulipwa kabisa. Wachapishaji walijibu kwamba miswada iliwafikia ikiwa michafu, na kwamba hao hao waandishi, wakishapata jina, huwapelekea wageni kazi zao bora. Pande zote mbili zilikuwa na haki, na kwa hiyo haikufaa kumtafuta mkosa. Walitafuta mwafaka mpya, na mwaka wa 1999 kikatoka kitabu cha mwongozo kwa waandishi wa Afrika, kinachoeleza mkataba ni nini na mwandishi aulize nini kabla ya kutia sahihi. Kitabu hicho hakikumaliza malalamiko. Lakini mwandishi aliyekisoma hakuweza tena kusema kwamba hakuambiwa.

Katika maonyesho ya Harare ya mwaka huo huo wa 1998 alisimama Profesa Ali Mazrui. Huyu alizaliwa Mombasa mwaka wa 1933, Kiswahili kikiwa lugha ya nyumba yao, akafundisha Makerere na baadaye Marekani. Karne ilikuwa ikimalizika, na katika nchi za Magharibi watu walikuwa wakiandika orodha za vitabu bora vya miaka mia. Mazrui aliwataka waandalizi wa Harare waifanyie Afrika kazi hiyo hiyo: ichaguliwe orodha ya vitabu 100 bora vya Waafrika vya karne ya 20. Lilikuwa neno la msemaji jukwaani, na maneno ya namna hiyo kwa kawaida hupigiwa makofi yakaisha. Hili halikuisha. Waandalizi walilichukua, wakashirikiana na vyama vya wachapishaji, vya waandishi na vya wauza vitabu, wakakusanya mapendekezo kutoka pande zote, na kuteua baraza la waamuzi chini ya Njabulo Ndebele, yule yule aliyegawana tuzo na Gakaara wa Wanjau mwaka wa 1984.

Kazi ilipokuwa ikiendelea, mwezi wa Januari 2000 wataalamu na waandishi walikutana Asmara, Eritrea, wakatoa azimio lenye vipengele kumi juu ya lugha na fasihi za Kiafrika. Kwa azimio hilo lugha za Afrika zilitakiwa zichukue wajibu wa kulisemea bara lao. Obi Wali alikuwa peke yake mwaka wa 1963. Miaka 37 baadaye fikira yake ilikuwa azimio la mkutano mzima.

Orodha ilitangazwa Accra, Ghana, tarehe 18 Februari 2002. Waamuzi walitoa vitabu 12 vya mbele, na kati ya hivyo kimoja, Chaka cha Thomas Mofolo, kiliandikwa kwa Kisotho. Katika vile 100 vilikuwamo viwili vya Kiswahili. Kimoja ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, juu ya vita vya Majimaji. Cha pili ni Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi ya Shaaban Robert juu ya Vita Kuu ya Pili, iliyochapwa mwaka wa 1967 mtungaji akiwa amekwisha fariki. Fagunwa naye alikuwamo kwa riwaya yake ya Kiyoruba. Watu wawili ambao hawakuwa na nafasi Kampala mwaka wa 1962 walipata nafasi Accra mwaka wa 2002, baada ya miaka 40.

Je, methali ilikanushwa? La, ilithibitika, lakini kwa njia isiyotazamiwa. Shaaban Robert hakuwapo Accra kama vile hakuwapo Kampala. Lake lilikuwapo kwa sababu watu watatu walikuwa wamesimama mahali pake: mchapishaji aliyekubali kuutoa utenzi mrefu wa mtu aliyekwisha kufa, msemaji wa Mombasa aliyedai orodha, na waamuzi walioruhusu lugha za Afrika zihesabiwe. Angekosekana mchapishaji, pasingekuwa na kitu cha kuchagua. Angekosekana msemaji, pasingekuwa na uchaguzi. Wangekosekana waamuzi wenye masikio, uchaguzi ungekuwa marudio ya Kampala. Kibanda na jukwaa, basi, si mshindani na mshindani. Ni mkono wa kulia na wa kushoto.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba orodha ni ushindi uliokamilika. Vitabu viwili vya Kiswahili katika 100, kwa lugha isemwayo na mamilioni ya watu katika nchi nyingi, ni kipimo cha haba. Tena kusifiwa si kupatikana. Mwanafunzi anaweza kukisoma kitabu katika orodha asikipate dukani, na orodha isiyofuatwa na mitambo ya chapa ni karamu ya kunusa. Harare yenyewe ilikuwa imeanza kufifia wakati tunda lake lilipoiva. Shida za uchumi na siasa za Zimbabwe baada ya mwaka 2000 ziliwafukuza wageni, na ingawa maonyesho hayakufa, hayakurudi kuwa soko la bara zima. Mwaka wa 2006 yalianzishwa maonyesho makubwa Cape Town kwa ushirika na Frankfurt, nayo hayakudumu. Baraza la vitabu lahitaji ukumbi, lahitaji fedha, na zaidi ya yote lahitaji mahali ambapo mtu anaweza kusema bila hofu na kulala salama.

Lakini mbegu haihukumiwi kwa shamba moja. Mwaka wa 2014 ilianzishwa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoitwa Mabati-Cornell, na baadaye Safal-Cornell. Mmoja wa waanzilishi wake ni Mũkoma wa Ngũgĩ, mwana wa yule mwanafunzi wa Kampala. Miswada iliyoshinda ilipewa fedha, kisha ikapewa wachapishaji: riwaya kwa East African Educational Publishers ya Nairobi, mashairi kwa Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Sifa na mitambo ya chapa viliwekwa pamoja, kama Noma alivyofundisha, na nyumba zilizopokea miswada zilikuwa za watu wale wale waliokuwa wamezoea kuketi katika majopo ya Arusha na Harare. Mshairi wa Kiswahili ambaye mwaka wa 1962 hakuwa na kiti sasa alikuwa na shindano lililotangazwa kwa lugha yake na mchapishaji aliyekuwa akiungoja mswada.

Mwanafunzi wa historia akutanapo na taarifa ya mkutano wa vitabu, asianze na hotuba, hata ikiwa tamu namna gani. Aanze na orodha ya waliohudhuria, na ajiulize ni nani wa zama zile hakuwamo. Kisha asome maazimio, na atafute katika miaka iliyofuata benki iliyokopesha, sheria iliyobadilika, kitabu kilichotoka. Akifanya hivyo ataona kwamba mikutano mingi ilikwisha siku wageni walipopanda ndege. Michache iliendelea kwa miaka, katika hesabu za mchapishaji na mikononi mwa msomaji ambaye hakujua kabisa kwamba kitabu anachokifungua kilitokana na jopo la watu waliobishana juu ya ushuru wa karatasi.